Redio Ndogo na Vitu Vinavyoizunguka: Somo la Sayansi kwa Shule za Msingi

Utangulizi

Tumfikirie mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha. Amekusudia wanafunzi wake wa darasa la sita wasikilize kipindi cha redio katika masafa ya kati. Redio ameiweka juu ya kabati la chuma, karibu na taa ya umeme, katika chumba kilichoezekwa kwa mabati. Saa ya kipindi inapotimia, kinachosikika ni mkwaruzo tu. Kwa wasiwasi mwalimu anainyakua redio, anaipeleka dirishani, anaigeuza upande na kumwamuru mtoto mmoja azime taa. Mara sauti inakuja safi. Mwalimu anatabasamu na kusema, "Mnaona? Taa ndiyo iliyokuwa ikituharibia."

Mtoto mmoja ananyosha mkono. "Samahani, mwalimu. Tutajuaje kwamba ni taa? Umeihamisha redio pia, na tena umeigeuza."

"Kaa kitako, tusikilize kipindi," mwalimu anajibu.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila aliyepata kufundisha atakitambua. Kipindi kimesikika, lakini somo kubwa zaidi limepotea. Mtoto yule ameuliza swali ambalo ndilo msingi wa sayansi yote: pakibadilika mambo matatu kwa mpigo, tutajuaje ni lipi lililoleta matokeo? Mwalimu hakuwa na jibu kwa sababu mbili. Kwanza, hakuelewa jinsi vitu vya karibu vinavyoathiri mawimbi ya redio. Pili, hakuzoea kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Makala hii yakusudia kumsaidia mwanachuo katika mambo yote mawili. Tutaeleza kwanza jinsi mawimbi ya masafa ya kati yanavyoenea, hasa yakitoka katika mtambo wenye nguvu ndogo. Kisha tutaonyesha majaribio manne yanayoweza kufanywa na watoto kwa redio moja na vyombo vya jikoni.

Urefu wa wimbi

Redio ya masafa ya kati, ambayo kwenye redio nyingi huandikwa AM au MW, hutumia mawimbi ambayo kimo chake hubadilishwa kufuatana na sauti inayotangazwa. Katika Afrika, masafa hayo huanzia karibu kilohezi 530 na kuishia karibu kilohezi 1,600. Kilohezi moja ni mitikisiko 1,000 kwa sekunde.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi urefu wa wimbi hupatikana kwa hesabu nyepesi ambayo hata mtoto wa darasa la tano aiweza: gawa 300,000 kwa idadi ya kilohezi, nawe utapata urefu kwa mita. Stesheni ya kilohezi 600 ina wimbi la mita 500. Ya kilohezi 1,000 ina wimbi la mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Ya kilohezi 1,500 ina wimbi la mita 200. Kwa kulinganisha, mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3 tu.

Urefu huu ni ufunguo wa mengi tutakayosema. Mtoto wa pwani amekwisha kuona bahari ikipiga nguzo ya gati. Wimbi kubwa hupita, likaungana tena nyuma ya nguzo kana kwamba nguzo haikuwapo. Lakini viwimbi vidogo vya upepo hugonga nguzo ileile na kurudi. Ndivyo ilivyo kwa redio. Nyumba ya kawaida yenye upana wa mita 10 ni kitu kidogo mbele ya wimbi la mita 300. Wimbi huizunguka na kuendelea. Hata kilima cha wastani hakilizuii kabisa, kwa maana wimbi refu hujipinda na kushuka upande wa pili. FM, yenye wimbi fupi, hupata taabu zaidi nyuma ya kilima kilekile.

Hapa mwanachuo angeweza kuuliza: ikiwa wimbi refu huzunguka vitu, mbona redio huzimika chumbani? Jibu limo katika mambo mawili: kitu kimetengenezwa kwa nini, na kiko karibu kiasi gani na mtambo au na redio yenyewe.

Mtambo mdogo na mazingira yake

Erio bora ya masafa ya kati ni mlingoti wa chuma uliosimama wima, wenye kimo cha karibu robo ya wimbi. Kwa kilohezi 1,000, robo hiyo ni mita 75. Stesheni kubwa huweza kujenga milingoti ya namna hiyo, na kuzika nyaya nyingi za shaba ardhini kuizunguka. Mtambo mdogo hauna anasa hiyo.

Mfano mzuri wapatikana Marekani. Kanuni za nchi hiyo huruhusu mtu atumie bila leseni mtambo wa masafa ya kati usiozidi miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati, wenye erio isiyozidi mita 3 pamoja na waya wake wa ardhini. Aidha, tangu mwaka 1977 zipo huko stesheni zenye leseni, zisizozidi wati 10, zinazowapa habari wasafiri kando ya barabara kuu na viwanja vya ndege.

Tuutazame mtambo ule wa miliwati 100. Erio ya mita 3 mbele ya wimbi la mita 300 ni sehemu moja ya mia tu. Erio fupi namna hii hurusha nguvu kidogo sana; nyingi hupotea kuwa joto katika koili na katika udongo. Tukikadiria kwamba koili na udongo vina ukinzani wa omu 20, basi kinachorushwa hewani ni karibu sehemu 2 katika kila 1,000. Katika miliwati 100, miliwati 99 na zaidi hazifiki popote.

Kwa hiyo mtambo mdogo hauna akiba. Stesheni ya wati 50,000 ikipoteza nusu ya nguvu zake, wasikilizaji wengi hawatang'amua. Mtambo mdogo ukipoteza nusu, kijiji kizima cha pembeni chaweza kutoka katika eneo lake.

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Karibu na erio, nguvu za umeme na za sumaku bado hazijawa wimbi linalosafiri. Zimeishikilia erio kama joto lilivyo karibu na jiko. Eneo hilo la karibu huenea hadi umbali wa karibu sehemu moja ya sita ya wimbi. Kwa kilohezi 1,000 ni mita 48 hivi. Basi mtambo mdogo ukiwekwa katikati ya uwanja wa shule, mwembe, mlingoti wa bendera, tangi la maji na paa la ofisi vyote huweza kuwa ndani ya mita hizo 48. Vitu hivyo haviko tu njiani mwa wimbi. Vimekuwa sehemu ya erio yenyewe. Ukisogeza kimoja, umebadili erio.

Hii ndiyo sababu fundi aliyekwisha kuoanisha mtambo vizuri huweza kuona nguvu zikishuka anaposogea mwenyewe. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Ukikaribia erio fupi, huongeza kidogo uwezo wake wa kuhifadhi chaji, na uoanisho wa koili huharibika. Wazee waliotumia redio zenye waya wa nje hukumbuka jambo hili: sauti ilikuja walipoushika waya, ikaondoka walipouachia.

Athari za vitu mbalimbali

1. Miti. Mti mbichi una maji yenye madini, kwa hiyo hupitisha umeme kidogo. Mti mmoja ulio mbali njiani hauleti tofauti ya kutambulika. Mti uleule ukisimama hatua chache kutoka kwenye erio fupi, hunyonya sehemu ya nguvu na kuzigeuza joto.

2. Kuta. Matofali makavu, mbao, udongo mkavu na makuti huyapitisha mawimbi ya kati kwa urahisi. Zege yenye nondo ni jambo jingine. Nondo zilizofungwa pamoja huwa kama wavu wa chuma, nao wavu huo huidhoofisha sauti ndani ya jengo.

3. Mabati. Mwaka 1836 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa kwa karatasi za madini, akaonyesha kwamba chaji za umeme za nje hazikuathiri vyombo vilivyokuwa ndani. Darasa lenye paa la mabati na kuta za matofali si chumba kamili cha Faraday, kwa maana pande ziko wazi. Hata hivyo paa hupunguza nguvu za wimbi chini yake, hasa katikati ya chumba. Karibu na dirisha au mlango hali huwa nafuu.

4. Milingoti na minara. Mlingoti mfupi wa bendera ulio mbali na mtambo una athari ndogo. Lakini mnara ambao kimo chake chakaribia robo ya wimbi huitikia wimbi kama kamba ya zeze iitikiavyo sauti ya kamba mwenzake. Hupokea nguvu na kuzirusha upya. Mahali pengine mawimbi haya mawili husaidiana, na mahali pengine huuana. Kwa sababu hiyo Marekani ina kanuni zinazomtaka anayejenga mnara karibu na stesheni ya masafa ya kati ahakikishe kwamba hauvurugi matangazo.

5. Nyaya za umeme na simu. Waya mrefu huweza kulichukua wimbi na kulisafirisha. Redio iliyo karibu na waya yaweza kusikia vizuri kuliko iliyo mbali nao, jambo linalowashangaza wengi. Mwaka 1936 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani walianzisha utangazaji wa nguvu ndogo uliowafikia wenzao mabwenini kwa njia ya nyaya. Lakini waya uletao sauti huleta pia kelele, kama tutakavyoona.

6. Udongo na maji. Wimbi la masafa ya kati mchana husafiri likiwa limeuambaa uso wa dunia, na dunia hulitoza ushuru kila hatua. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo ushuru wake ni mdogo. Udongo wenye unyevu hutoza zaidi. Mchanga mkavu na mwamba hutoza mno. Mtambo uleule utasikika mbali zaidi kuvuka bahari kuliko kuvuka nchi kavu yenye mawe.

Kelele, na giza la usiku

Eneo la kusikika halitegemei nguvu za mtambo peke yake. Mtu anayenong'ona husikika maktabani, hasikiki sokoni, ingawa sauti yake ni ileile. Kadhalika redio: kinachotakiwa ni wimbi lizidi kelele za mahali pale.

Siku hizi kelele zimeongezeka. Taa nyingi za umeme zisizotumia joto, chaja za simu, mitambo ya kugeuza umeme wa jua na cheche za injini za pikipiki, vyote huweza kutoa mkwaruzo katika masafa ya kati. Redio iliyosikika vizuri shuleni kabla ya kuletwa umeme yaweza kushindwa baada yake, na mtambo haujabadilika hata kidogo.

Usiku huja shida nyingine. Mchana, tabaka la chini la hewa yenye chaji huko angani hunyonya mawimbi ya kati yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, nayo mawimbi huakisiwa na tabaka za juu zaidi na kurudi duniani mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndipo redio inaponasa stesheni za nchi za mbali. Kwa msikilizaji ni furaha. Kwa mtambo mdogo ni msiba, kwa maana stesheni kubwa za mbali hulifunika eneo lake.

Majaribio darasani

Kabla ya kuanza, mwalimu ahakikishe kwamba redio yake ina masafa ya kati. Stesheni nyingi zimehamia FM, na redio nyingine mpya hazina AM kabisa. Wazazi huweza kuazima ya zamani. Redio moja yatosha darasa zima, ikiwa watoto watagawanywa katika makundi na kila mmoja apewe kazi: mmoja hushika redio, mmoja husikiliza, mmoja huandika.

Sauti ipimwe kwa alama, kuanzia 0 (haisikiki) hadi 5 (safi kabisa). Yafaa kutumia stesheni dhaifu, kwa sababu redio nyingi zina kifaa cha ndani kinachosawazisha sauti. Stesheni yenye nguvu itasikika sawa hata ikipungua, na watoto watadhani hakuna kilichotokea. Kitufe cha sauti kisiguswe baada ya kuanza. Ikiwezekana, msikilizaji ageukie ukuta asione kinachofanywa, ili alama zake zitoke masikioni na si machoni.

Jaribio la 1: Upande wa redio. Weka redio juu ya meza ya mbao mbali na vyuma. Chora duara kwa chaki kuizunguka na uligawe sehemu nane. Geuza redio sehemu moja baada ya nyingine, na kila mara uandike alama. Watoto wataona kwamba kuna pande mbili zinazoelekeana ambako sauti hudhoofika. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, nacho ndicho erio yake. Ncha ya kijiti ikielekea kwenye stesheni, sauti huwa dhaifu kabisa. Ubavu wake ukielekea huko, sauti huwa bora. Katika kila jaribio linalofuata, upande wa redio usibadilike.

Jaribio la 2: Vyombo vya jikoni. Tafuta kikapu, chungu cha udongo, sanduku la mbao, kipande cha wavu wa waya wa kufugia kuku na sufuria kubwa yenye mfuniko. Watoto watabiri kwanza, na utabiri uandikwe ubaoni. Kisha redio iwekwe katika kila chombo kwa zamu, na wavu uviringwe kuizunguka pande zote. Kikapu, chungu na sanduku havileti tofauti kubwa. Ndani ya sufuria iliyofunikwa sauti ya stesheni hufa. Wavu huleta mjadala mkali: mwanga hupita, mkono waonekana, na hata hivyo sauti hufifia. Mwalimu asiharakishe kujibu. Awaulize: tundu la wavu ni kubwa kiasi gani likilinganishwa na wimbi la mita 300?

Jaribio la 3: Mtambo wa betri na tupa. Chukua betri moja ya tochi ya volti 1.5, vipande viwili vifupi vya waya na tupa ya fundi. Unganisha ncha moja ya betri na tupa kwa waya wa kwanza. Waya wa pili uunganishwe na ncha nyingine, na ncha yake iliyo huru isuguliwe juu ya tupa. Vicheche vidogo hutoa mkwaruzo katika redio iliyo karibu, ambayo imewekwa mahali pasipo na stesheni. Huu ni mtambo wa nguvu ndogo kabisa. Sugua redio ikiwa umbali wa sentimita 10, kisha 20, 40 na 80, na uandike alama. Watoto wataona kwamba sauti hufifia upesi mno, kwa maana wako ndani ya lile eneo la karibu. Kisha, kwa umbali mmoja usiobadilika, weka katikati ubao, halafu kitambaa kilicholowa, halafu kipande kipana cha bati.

Kusugua kusizidi sekunde chache kila mara, maana betri hupata moto. Waya mrefu usiunganishwe kamwe na mtambo huu, kwani utawasumbua majirani. Aidha, mwalimu asijaribu kujenga mtambo halisi wa kutangazia. Ruhusa ile ya Marekani haipo kwetu; urushaji wa matangazo huhitaji leseni, nchini Tanzania kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na nchini Kenya kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Jaribio la 4: Ramani ya shule. Kila kundi lichore ramani ya uwanja na kuchagua mahali kumi: uwanjani palipo wazi, chini ya mti, katikati ya darasa, dirishani, kando ya tangi la bati, karibu na mlingoti wa bendera, na kadhalika. Wapite na redio, wakiishika kwa kimo kilekile na upande uleule, na kuandika alama katika ramani. Wasikaribie nguzo za umeme zenye nyaya zilizolegea, wasipande popote, na kazi isifanywe wakati wa mawingu ya radi.

Ramani hizi zitakapobandikwa ukutani, watoto wataona jambo ambalo hakuna maneno ya mwalimu yangeweza kuwaonyesha vizuri namna hiyo: eneo la kusikika si duara. Lina mabonde na vilele, na kila bonde lina sababu inayoweza kutafutwa.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kutoa jibu kabla ya jaribio. Mwalimu akisema, "Sasa tutaona jinsi chuma kinavyozuia mawimbi," watoto watasikia kile walichoambiwa wasikie.

Kosa la pili ni kuficha matokeo yasiyotarajiwa. Huenda kundi moja likakuta sauti nzuri zaidi karibu na waya wa simu kuliko uwanjani. Mwalimu asiyejua atasema wamekosea. Ajuaye atafurahi, kwa maana wamegundua kwamba waya huweza kulibeba wimbi. Na kama hajui sababu, aseme wazi, "Hili sikulitarajia, turudie tuone." Heshima ya mwalimu haipunguzwi na maneno hayo.

Kosa la tatu ndilo la yule mwalimu wetu wa mwanzo, yaani kubadili mambo mengi kwa mpigo. Je, angemjibuje mtoto yule? Angeirudisha redio juu ya kabati kama ilivyokuwa, na kuzima taa tu. Kisha angewasha taa, akaigeuza redio palepale bila kuihamisha. Kisha angeirudisha upande wa awali na kuipeleka dirishani. Majaribio matatu, dakika tano. Huenda wangekuta kwamba taa ilikuwa na hatia. Huenda wangekuta kwamba hatia ilikuwa ya kabati, kwa sababu bamba la chuma lililo karibu sana na kijiti cha feraiti huvuruga uoanisho wa koili yake. Huenda wangekuta kwamba kila moja lilichangia kidogo. Lolote wangelokuta, lingekuwa lao.

Hitimisho

Redio ina historia ndefu ya kufundisha watu wetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi na kujadili afya. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo ya redio yalitumika tena kuwafikia watoto majumbani. Katika nyakati kama hizo, mwalimu au mzazi anayejua kwamba redio yafaa isogezwe dirishani, iondolewe juu ya chuma, igeuzwe polepole na chaja ya simu ichomolewe, amemwokolea mtoto kipindi kizima.

Lakini faida kubwa zaidi ni ya fikra. Mtoto aliyechora ramani ya sauti katika uwanja wa shule yake hatatosheka tena kuambiwa "redio ni mbovu" au "mtandao haushiki". Atauliza ni nini kilicho karibu, kimetengenezwa kwa nini, na kikiondolewa peke yake patatokea nini. Siku atakaponyosha mkono na kuuliza hivyo katika darasa lako, mwanachuo mwenzangu, usimwambie akae kitako. Mpe redio mkononi, na umwache aonyeshe.